Ufa Nilioupaka Rangi

Kanamkemer, Lodwar
Jumapili jioni

Mwanangu Emuria,

Umetoka kwenda kuwaaga wenzako, nami nimechukua daftari langu la kazi, nikaligeuza nyuma kwenye kurasa ambazo bado sijachora mageti ya watu. Basi lako ni kesho alfajiri. Habari za sweta, za kitambulisho, na za kutopokea chakula kwa mtu usiyemjua, nyanya yako amekwisha kukuambia mara tatu, na ya nne anaitunza kwa kesho. Sitaongeza. Nyeri kuna baridi, utaijua mwenyewe ukifika.

Mimi nataka kukuambia jambo moja ulilowahi kunikasirikia bila kulijua. Unakumbuka ulipokuwa kidato cha pili, timu yenu ikaalikwa kucheza Kakuma, nikakataa kutia sahihi ile karatasi? Uliniambia, "Mama, wewe unaogopa wakimbizi." Ukakaa siku nne hunisalimii. Nikakuacha uamini hivyo, maana kuonekana mwoga kulikuwa rahisi kuliko kusema ukweli. Ukweli ni kwamba Kakuma kuna mtu aliyenifundisha kila ninachokijua kwa mikono hii, naye anatembea kwa fimbo kwa sababu yangu.

Anaitwa Kasongo. Mimi nilimwita Mwalimu, na hadi leo siwezi kumwita vingine.

Baba yako alipokwenda Lokichoggio na lori asirudi, ulikuwa hujatimiza miaka minne. Nikasikia ndani ya kambi ya Kakuma kuna chuo cha ufundi kinachochukua wakimbizi na sisi Waturkana wenyeji pia. Nikakuacha hapa kwa nyanya yako, nikaenda. Nilitaka ushonaji. Darasa la ushonaji lilikuwa limejaa. Karani akaniuliza, "Kuchomelea vyuma unaweza?" Nikasema naweza. Sikujua hata kinachochomelewa ni nini.

Mwalimu Kasongo alikuwa Mkongo, mfupi, miwani yake imefungwa kwa uzi nyuma ya kichwa. Kwao alikuwa fundi wa mabehewa ya reli. Siku ya kwanza hakutuonyesha moto wala chuma. Alileta kipande cha turubai la hema kuukuu, akanipa mimi, msichana peke yangu darasani.

"Vuta."

Nikavuta kwa nguvu zangu zote. Turubai likakaa vile vile. Akatoa wembe, akakata ukingoni mkato mdogo kama ukucha.

"Vuta tena."

Safari hii lilianza kuachana, uzi mmoja mmoja, huku nikitoa jasho. Nikavuta, nikavuta, halafu ghafla lote likapasuka mara moja nikaanguka chali. Darasa zima likacheka. Yeye hakucheka.

"Mwanzo, ni weye ulikuwa unapasua," akasema. "Na mwisho, nani alikuwa anapasua?"

Akaokota vile vipande viwili.

"Ni turubai yenyewe. Ile nguvu weye unavuta, inaingia mu turubai, inakaa ndani, inangoja njia. Ufa ukiwa mufupi, nguvu ile haitoshi kuusukuma. Ufa ukirefuka, inatosha. Na ikisha kutosha, haikuombi ruhusa tena."

Kisha akakata kipande kingine, mkato ule ule, lakini pale mkato ulipoishia akachoma tundu la mviringo kwa msumari wa moto. Nikavuta mpaka viganja vikaniuma. Halikwenda. Akasema ufa unakula kwa ncha yake, kwa sababu ncha ni kali na uzito wote unarundikana hapo. Ukiizungusha ncha ikawa tundu, imekosa meno. Na chuma ni hivyo hivyo, akasema, ila chuma kinaficha. Jicho likikuambia ufa umeishia hapa, ujue umekwenda mbele zaidi, mwembamba kuliko unywele. Ndiyo maana tulipaka mafuta ya taa juu ya ufa, tukayafuta, kisha tukapaka vumbi la chaki. Mafuta yaliyojificha ndani yanatoka taratibu na kuilowesha chaki, na hapo unaona mstari wote mpaka mwisho wake wa kweli. Mwisho huo unautoboa kwa drili. Halafu ndipo unasaga na kuchomelea. Hilo ndilo lililokuwa somo lake kubwa, na mimi nililijua kuliko wenzangu wote. Alikuwa akiwaambia wengine, "Muulize Asinyen."

Nilikuwa nakuja nyumbani kila Ijumaa ya pili. Hujui, Emuria, jinsi wiki mbili zilivyokuwa ndefu. Nilikuwa nikifumba macho nikitafuta harufu ya kichwa chako na kukuta moshi wa rodi za kuchomelea tu. Ulianza kumwita nyanya yako "mama". Aliniambia kwa simu huku akicheka, nami nikacheka, kisha nikaenda nyuma ya karakana.

Sasa nisikilize.

Jirani na chuo kulikuwa na shule ya watoto wa kambini, yenye tangi la maji juu ya mnara wa chuma wa miguu minne. Kila asubuhi tangi linajazwa, kila jioni ni tupu. Kujaa na kuisha, kujaa na kuisha, miaka. Mguu mmoja ukaota ufa pale ambapo chuma cha kukingama kilikuwa kimechomelewa. Mwalimu akaenda kuutazama, akarudi akaniambia, "Kazi hii ni yako. Weye peke yako."

Ilikuwa Ijumaa, Ijumaa yangu ya kuja nyumbani. Tangi likamwagwa asubuhi. Nikapaka mafuta ya taa, nikapaka chaki. Ufa uliokuwa ukionekana ulikuwa kama kidole cha shahada. Ule wa kweli ulikuwa kama kiganja kizima. Nikauona kwa macho yangu, mstari mweusi juu ya chaki nyeupe. Nikaanza kutoboa mwishoni, na biti ya drili ikavunjika.

Biti nyingine ilikuwa stoo. Mtunza stoo alikuwa Abdi, Msomali, naye alikuwa amefunga mlango akaenda swala ya Ijumaa. Angerudi saa nane. Gari la mwisho la kuja Lodwar liliondoka saa nane. Na asubuhi hiyo nyanya yako alikuwa amenipigia simu kwamba una homa.

Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba niliharakisha kwa sababu mtoto wangu alikuwa mgonjwa. Leo nakuandikia ili jambo hilo lifutike, na usije ukalibeba. Homa yako ilikuwa ndogo. Niliuliza, "Anakula?" Nyanya yako akasema, "Amekunywa uji bakuli mbili, sasa anafukuza mbuzi." Nilijua huumwi sana. Na magari ya Jumamosi asubuhi yalikuwepo. Ningelala Kakuma usiku mmoja tu. Si kwa ajili yako nilifanya nilichofanya. Ni kwa ajili ya hamu yangu mwenyewe, ambayo sikutaka kuingoja usiku mmoja.

Nikachomelea ule ufa unaoonekana kwa jicho. Nikasaga ukawa laini kama shavu. Kile kipande cha mbele, chenye mstari wa mafuta, nikafuta chaki yake, nikakipaka rangi ya fedha, nikapaka mara ya pili. Mwalimu akapita akitoka darasani, akasimama mbali, mkono wake ukitia kivuli juu ya miwani.

"Umefika ku mwisho yake?"

"Nimefika, Mwalimu."

Hakukaribia kukagua. Nilikuwa Asinyen.

Nikapata gari. Nikakukuta uwanjani huna hata homa, umeshika tunda la mkoma umelitafuna nusu, uso wote wa rangi ya kahawia. Ulinikimbilia ukaniita mama. Sitakudanganya kwamba nilijuta siku hiyo. Zile zilikuwa siku mbili tamu kuliko zote. Nilikubeba mgongoni mpaka mto Turkwel, tukalala mchangani mchana kutwa, na sikuufikiria ule mnara hata mara moja.

Watu husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliuziba, mwanangu. Kosa langu lilikuwa hilo.

Wiki za kwanza nilikuwa nikipita pale na kutazama. Rangi inang'aa. Mwezi wa pili nikaona katika rangi alama kama unywele. Nikaiwekea kijistari cha penseli mwishoni. Wiki mbili baadaye ilikuwa imepita penseli kwa urefu wa punje ya mchele. Nikaweka kijistari kingine. Punje nyingine. Kisha wiki tatu bila kusogea. Nikajiambia ufa huu ni mvivu, nikimaliza mafunzo nitautengeneza kimyakimya. Nilikuwa nimekwisha kusahau turubai. Nilidhani kitu kinachokwenda polepole kitaendelea kwenda polepole.

Ilikuwa Jumatatu, mwezi wa saba tangu nipake rangi ile. Mpishi wa shule alimfuata Mwalimu akamwambia mnara unalia, tak, tak, tangu tangi lijae. Watoto walikuwa wamepanga foleni na vikombe. Mwalimu akawafukuza kwa kelele, akawarushia hata kiatu chake ili waende. Kisha akaingia chini kufungua koki ya kumwaga maji, kupunguza uzito. Lilikuwa ndilo jambo sahihi la kufanya. Mimi ningefanya hivyo hivyo, kama ningekuwa na moyo wake.

Nilikuwa karakana, ng'ambo ya ua. Ulisikika mlio mmoja, mkali, kama bunduki. Wenzangu waliotoka vitani wakalala chini wote, mikono kichwani. Mimi peke yangu nilibaki nimesimama, kwa sababu mimi peke yangu nilijua si bunduki.

Hakuna mtoto aliyeguswa. Mguu wa kulia wa Mwalimu ulikuwa chini ya chuma cha mnara ulioanguka.

Nilikwenda hospitali siku ya tatu. Mkewe, Mama Neema, alikuwa akimpepea kwa kipande cha katoni. Mwalimu alinitazama muda mrefu bila miwani, kisha akaniuliza polepole, "Asinyen. Weye ulifika ku mwisho ya ufa?"

Ule uongo wa kwanza nilikuwa na haraka, nilikuwa na gari, nilikuwa na wewe. Huu wa pili sikuwa na kitu. Nilikuwa na nafasi tupu, kubwa, ya kusema neno moja.

Nikasema, "Nilifika, Mwalimu."

Akasema, "Sawa," akageukia ukuta.

Walipokuja wakubwa kuuliza nani alitengeneza mguu ule, akawaambia kazi ya mwanafunzi ni kazi ya mwalimu, na yeye hakuikagua. Wakamwachisha kufundisha. Mimi nikapewa cheti. Kile unachokiona ukutani kwenye karakana yangu, sahihi iliyo chini kulia ni yake. Aliitia akiwa kitandani.

Nikarudi Lodwar, nikafungua karakana, na kwa miaka kumi na minne sikuikanyaga Kakuma. Nikipata kazi ya huko nilimpa fundi mwingine. Umenisikia mara ngapi nikisema barabara ile ni mbaya? Barabara imetiwa lami, nami niliendelea kusema ni mbaya.

Halafu mwezi uliopita ukaja na barua yako ya chuo. Ukaisoma kwa sauti, ukaikunja, ukaniuliza, "Mama, nani alikufundisha kazi hii iliyonisomesha?" Nikakuambia, "Mtu mmoja Kakuma." Ukasema, "Inafaa tumshukuru." Nililia, na wewe ukafikiri ni furaha.

Alhamisi iliyofuata nilikuambia naenda kununua rodi. Sikwenda kununua rodi.

Nilimkuta nje ya nyumba yake, amekaa kwenye kigoda, akitengeneza baiskeli ya mtu. Nywele zimekuwa nyeupe. Mguu ameunyoosha mbele yake kama kitu cha kuazima. Akainua kichwa.

"Asinyen," akasema. "Umenenepa."

Nilikuwa nimepanga maneno tangu Lodwar. Yote yakapotea. Nikapiga magoti kwenye vumbi nikasema, "Mwalimu, sikufika mwisho. Biti ilivunjika. Nikapaka rangi."

Akajiinua kwa fimbo, akaingia ndani, akarudi na kitu kimefungwa kwa kitambaa. Kilikuwa kipande cha chuma cha ule mguu wa mnara, sehemu ile ile ulipokatikia. Alikuwa ameomba aletewe akiwa hospitali, akakiweka chini ya kitanda chake miaka yote.

"Angalia," akaniambia, kama vile bado niko darasani.

Uso wa chuma ulikuwa na sehemu tatu. Ya kwanza, karibu na ukingo, ilikuwa na rangi ya fedha. Rangi yangu, mwanangu, iliyoingia ndani ya ufa nilioutazama nikauacha. Ya pili ilikuwa nyeusi ya kutu, laini, yenye mistari mingi iliyopindana, kama ile ambayo maji ya ziwa huacha mchangani kule Eliye. Ya tatu ilikuwa ya kijivu, imeparuza, inametameta.

"Hii mistari, ufa ulikuwa unatembea. Tangi inajaa, unasogea kidogo. Inajaa, unasogea. Miezi saba." Kisha akaweka kidole kwenye ile ya kijivu, iliyokuwa kubwa kuliko zote. "Na hii yote, sekunde moja."

"Kwa hiyo ulijua," nikasema. "Hospitali, uliponiuliza, ulikuwa unajua."

"Walinileteya chuma hii siku moja mbele ya weye kuja. Nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nangoja weye useme. Nikawaza, atakuja kesho. Nikawaza, atakuja juma yenye kufuata." Akafunga tena kile chuma, taratibu. "Ungekuja juma ile, tungelia pamoja, tungemaliza. Ungekuja mwaka ya pili, ningekufukuza. Sasa niko muzee. Kazi nilipoteza, nikapata ingine. Mguu, nimezoea. Mwanafunzi kama weye sikupata tena, Asinyen. Ni hiyo nilikuwa nalilia."

Nililia mpaka jirani akatoka kutazama. Mwalimu akanipa kitambaa kile kile cha kufungia chuma nijifute, nikabaki na kutu usoni.

Nilidhani basi imekwisha. Lakini akasema, "Mi ni mutu moja. Kuna mama mu nyumba. Yeye hajui."

Mama Neema alikuwa nyuma akichambua mboga. Nikamweleza yote, nimesimama. Hakuacha kuchambua mpaka nilipofika mwisho. Kisha akasema, bila kunitazama, "Miaka hii yote nilimuambia ni uzembe yake. Watoto wakilala njaa, namuambia ni uzembe yako. Nilimutukana juu ya mguu ile mbele ya watu. Na yeye ananyamaza." Akanyanyua sinia lake. "Wende."

Nikaenda. Nimerudi mara mbili tangu siku ile. Mara ya kwanza Mama Neema hakutoka ndani. Mara ya pili, Jumanne iliyopita, alinisukumia kigoda kwa mguu, nikakaa, hakusema neno mpaka nikaondoka. Sijui kama atanisamehe. Mimi nilichukua miaka kumi na minne; sina haki ya kumhimiza yeye afanye kwa mwezi. Nitaendelea kwenda. Na ukija likizo, kama utataka, tutakwenda wote umsalimie Mwalimu. Amekwisha kuniuliza una urefu gani.

Sikuandikii haya ili unihurumie. Wala sikuombi uende usikosee. Utakosea, na wewe ni mwanangu, utakosea kwa haraka. Nakuomba jambo dogo. Siku ukikosea, nipigie wiki hiyo hiyo, ungali unaona aibu. Piga hata kama huna la kusema, nitasubiri kwenye simu. Usingoje upate maneno mazuri. Mimi niliyangoja, na siku nilipoyapata hayakunisaidia.

Na ukinikumbuka sana, ukamkumbuka nyanya yako na joto letu hili, nikumbuke ukiwa umekaa pale pale ulipo. Usivunje kitu cha watu ili uwahi kuniona. Nimejaribu, najua utamu wake na najua gharama aliyoilipa mwenzangu. Usiku mmoja hauui mtu. Mimi pia nitakukumbuka nikiwa nimekaa hapa. Nitajifunza. Nimechelewa kujifunza, lakini nimeanza wiki hii: jana ulipolala nilisimama mlangoni kwako, nikataka kukuamsha bila sababu yoyote, nikarudi zangu.

Barua hii nitaitia ndani ya begi, kati ya nguo. Utaikuta ukiwa umeshafika, mimi nikiwa mbali, nisione uso wako unaposoma. Huo ndio woga wangu uliobaki, unisamehe huo mmoja.

Nasikia watoto wa jirani wanaliita jina lako barabarani, "Emuria, ejok!" nawe unawajibu salamu yao. Mbwa ameamka. Sasa unamsimamisha mama wa duka, unamuaga. Una hatua kama kumi na tano kutoka pale hadi mlangoni, nami naweka kalamu chini ili nizisikie zote.

Mamako,
Asinyen